Rangi ya Kucha kwenye Sanduku la Umeme

Wafanyakazi wake walimwita Kamera, tena nyuma ya mgongo wake, maana mbele ya macho yake hakuna aliyethubutu hata kupiga chafya ovyo. Alikuwa na duka la mikate, na alikuwa na macho. Ukichota unga, amekuona. Ukienda haja ukakawia, amekuona. Hata mume wake, mtu mpole asiyependa makuu, alishazoea kuulizwa alikotoka kabla hajavua viatu.

Msimlaumu sana. Kwenye duka lake la zamani aliwahi kumwamini fundi mmoja wa umeme kwa moyo wake wote. Yule bwana akang'oa nyaya mpya, akaweka kuukuu, akaingia mitini na zile nzima. Moto ulipozuka ukutani, Hamira ndiye aliyeuzima kwa gunia lililoloa, na mpaka leo mkono wake una kovu. Hamira ndiye mkandaji wa unga. Alipewa jina hilo kwa vile hasira zake huumuka upesi na kunywea upesi. Kila Kamera alipoliona lile kovu, roho ilimuuma. Aliapa kwamba hakuna fundi atakayemchezea tena, na hakuna mtu atakayeungua tena ndani ya duka lake.

Sasa alikuwa amepanga jengo kubwa zaidi, lililokuwa ghala la matairi, lenye vyumba ghorofani. Sakafuni bado kulikuwa na miviringo myeusi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Oveni mpya ya umeme ilisimama ukutani ikiwa imevikwa nailoni, pana kama kabati la nguo, lakini nyaya za jengo zilitosha taa na feni tu. Alihitaji fundi wa majengo ya biashara, si wa kubadilisha balbu za majumbani. Wa kwanza aliyekuja alitaja bei kabla hajafungua sanduku la umeme. Wa pili alilifungua, akacheka, akalifunga. Kamera akawaonyesha mlango wote wawili.

Wa tatu aliletwa na wifi yake, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kumuuma.

"Wifi, huyo ni fundi wa kweli," wifi yake alisema kwenye simu. "Ndiye aliyetufungia umeme wa mashine za kusaga."

"Ahsante sana, wifi yangu," Kamera akajibu kwa sauti ya asali, akakata simu, akaguna. Yeye na wifi yake walichekeana meno tu. Tangu lini akamtakia heri?

Fundi akaja. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye maneno machache na tabia ya kukitazama kitu kimoja muda mrefu. Badala ya kupima ukuta, akaanza maswali.

"Mama, jioni nani hufunga duka?"

"Unataka kujua ili iweje?"

"Nijue nani atakuwa anazima oveni. Na huko ghorofani, kuna watu wanalala?"

"Fundi, umekuja kufunga umeme au umekuja kuposa?"

Hamira akaangua kicheko. Fundi hakucheka. Alisema umeme wa oveni ile ni mwingi, na yeye hafungi mahali asipojua ni nani watakaokuwa karibu nao. Jibu lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio uliomtia Kamera wasiwasi, kwa sababu yule tapeli wa zamani naye alikuwa na majibu mazuri.

Basi akaongozana naye kununua vifaa. Breka za kuwekwa kwenye sanduku, zile swichi zinazokata umeme ukizidi, alizichagua mwenyewe, halisi, akazipakata mwenyewe mpaka dukani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Fundi akashika kazi. Kutwa nzima alipitisha nyaya nene kwenye mabomba, akazipanga breka safu mbili, huku Kamera akimzunguka kwa kisingizio cha kufagia. Sakafu haijawahi kufagiliwa namna ile. Jioni akamwambia asimame kwanza, apumzike siku chache, kuna jambo analishughulikia.

"Lakini mama, nimebakiza kidogo tu."

"Kidogo hicho kitakusubiri."

Jambo lenyewe lilikuwa ni yeye fundi. Kamera alitaka kuulizauliza habari zake.

Fundi alipoondoka, Kamera akahakikisha swichi kubwa imezimwa, akafungua sanduku, akatoa mkobani kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ya kung'aa, ile anayopaka akienda harusini. Hesabu zake alishazipiga. Mtu akitaka kutoa breka halisi aweke bandia, lazima alegeze skrubu. Na skrubu iliyopakwa rangi ikizungushwa, rangi itapasuka. Safu ya juu tayari ilikuwa na vidoa vyekundu kwenye kila skrubu. Akadhani baadhi ya breka hutoka kiwandani hivyo, akafurahi kupunguziwa kazi. Akapaka safu ya chini, skrubu moja baada ya nyingine, kwa mkono uliotulia. Alipomaliza, hata yeye mwenyewe hakuweza kutofautisha vidoa vya juu na vya chini.

Siku zilizofuata aliuliza kila aliyemjua fundi. Wa mashine za kusaga wakamsifu. Mwenye duka la vifaa akasema kosa lake ni moja tu, ni mpole kupita kiasi kwenye kudai chake. Kamera akarudi nyumbani amenuna. Mtu asiyesemwa vibaya na yeyote alimtisha kuliko anayesemwa.

Hata hivyo unga haungoji, na wateja walishaanza kuuliza. Akamwita fundi amalizie.

Asubuhi hiyo, kabla hajafika, Kamera alikagua rangi yake. Haikupasuka hata kidoa kimoja. Ukweli ni kwamba alivunjika moyo kidogo. Alishaandaa maneno ya kumwambia wifi yake.

Fundi akafungua sanduku, akamulika tochi safu ya juu, akamulika ya chini, akakunja uso.

"Kumbe nilimaliza," akajisemea. "Nilidhani safu ya chini niliiacha."

Ameanza visingizio, Kamera akawaza, akakunja mikono. Fundi alitazama tena vile vidoa, akatikisa kichwa kama anayejicheka kwa kusahau, kisha akarudisha mfuniko na kuukaza.

Hamira alikuwa ameshakanda donge la kwanza. Alisimama ubavuni mwa oveni na trei zake, mkono wenye kovu umejaa unga mpaka kwenye kiwiko. "Kaka fundi," akauliza, "hivyo vyekundu humo ndani ni urembo?"

"Ni alama yangu, dada. Skrubu nikishaikaza na kuipima, naigusa kwa rangi. Mimi kichwa changu sikiamini, naamini alama. Penye nyekundu, mkono wangu umepita."

Hamira akasema hiyo ni akili. Fundi akaelekea kwenye swichi kubwa iliyokuwa karibu na mlango.

Kamera alikufa ganzi pale aliposimama. Safu ya chini. Mkono uliopita pale ulikuwa wake, na haukukaza kitu. Akataka kusema. Aseme nini? Kwamba alimhesabu mwizi kabla hajaiba? Habari itafika kwa wifi yake kabla ya jioni, na itasimuliwa katika kila hafla ya ukoo mpaka wajukuu waizoee. Kisha lile jicho lake la siku zote likamnong'oneza: huenda alizikaza kweli. Huenda anakutega. Nyamaza.

Fundi akashika mkono wa swichi. "Dada, uko tayari?"

"Niko tayari zamani," Hamira akasema, akainua trei kwa ule mkono wenye kovu.

"Fundi, usiwashe."

Sauti ilimtoka ndogo, mithili ya mtoto anayeomba ruhusa. Fundi akageuka. Kamera akasema yote bila kuinua macho: kichupa, skrubu, safu ya chini, na sababu. Sababu aliisema mwisho.

Fundi akauachia mkono wa swichi. Akaliendea sanduku, akafungua mfuniko, akaweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza ya safu ya chini. Ikazunguka bila kushika. Akauvuta waya kwa vidole viwili tu, na waya ukatoka.

"Ingewaka vizuri," akasema, akiutazama ule waya. "Leo, kesho, hata wiki nzima mngeoka na kufurahi. Hapa pangekuwa panapata moto polepole. Halafu siku moja, dada amesimama pale pale alipo sasa." Akauachia waya. "Na wangekuja kuchunguza, wangekuta alama yangu. Wangesema fundi alisema amekaza."

Kamera akamtazama Hamira. Alitarajia aumuke, apige kelele, atupe trei. Hamira aliiweka trei mezani taratibu, akaanza kufuta unga mkononi, akafuta pale penye kovu muda mrefu kuliko palivyohitaji. Kamera aliona haya ambayo hajawahi kuiona maishani mwake.

"Nisamehe, fundi," akasema. "Nisamehe, Hamira."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akashika kazi. Alizilegeza zote, za juu na za chini, akaanza upya tangu mwanzo, na safari hii akatumia rangi ya kijani. Hakuna aliyefagia. Alipowasha swichi, oveni ikaunguruma kidogo, kisha ikatulia, na baada ya muda harufu ya mkate ikajaa ghala zima mpaka mlangoni. Kamera alitokwa machozi, akasingizia moshi, ingawa hapakuwa na moshi.

Fundi alipokuwa tayari kuondoka, alisimama mbele ya Kamera, akaweka begi lake mezani na kulifungua. Akatoa koleo, bisibisi, testa, mkanda wa kupimia, vipande vya waya, akavipanga kimoja kimoja.

"Kagua, mama."

"Hapana, fundi, tafadhali. Usinifanyie hivyo. Nimeshakuamini."

Alisema hivyo, na alikuwa anamaanisha. Lakini macho yake, Mungu amsamehe, yalishapita kwenye koleo, yakapita kwenye testa, yakaingia ndani ya begi na kukwama kwenye kitambaa kilichofungwa fundo, chenye kitu kilichotuna. Hakukusudia. Akayaondoa upesi, ila fundi alishayaona.

Akainama, akakitoa kile kitambaa, akafungua fundo. Ulikuwa mkate, wa kwanza kutoka kwenye oveni, aliopewa na Hamira awapelekee wanawe.

Akauweka mezani mbele ya Kamera, ungali wa moto, akarudisha vifaa vyake begini, akamuaga Hamira, akaondoka akauacha.