Shule ya Ng'ambo ya Kijito

Mwaka ule darasa la kwanza peke yake lilikuwa na watoto mia tatu arobaini na mmoja, na mwalimu wao alikuwa mmoja. Mwalimu Claudine Uwimana aliwagawa mafungu mawili, hawa asubuhi, wale mchana, na bado chumba kilifurika hata wengine wakawa wanaandika wameegemeza daftari mgongoni kwa mwenzao. Mji wa Kibondo ulikuwa unatanuka. Palipokuwa shamba la mihogo juzi, leo palikuwa na mabati mapya, na chini ya kila bati watoto.

Wengi wao walitoka Kabare, mtaa uliochipuka juu ya kilima cha pili. Kati ya Kabare na shule kulikuwa na kijito, na juu ya kijito magogo mawili. Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na siku ya tatu maji yakayang'oa magogo yale, watoto wa zamu ya mchana wakiwa wanavuka. Mmoja alichukuliwa na maji. Alikuwa Tunu, mtoto wa miaka saba, mjukuu wa Zaitun Hilali mwenye duka la Kabare. Wanawake waliokuwa wameloweka mihogo yao chini kidogo walimdaka kwa sketi, wakamtoa akiwa hai.

Claudine alizunguka hadi kivuko cha juu, akaja akambeba Tunu mgongoni mpaka kwao. Alipomkabidhi mtoto kwa bibi yake alikuwa ameshaamua, akamwambia kwamba watoto wa Kabare hawatavuka tena kile kijito, watasomea Kabare. Zaitun aliuliza watasomea wapi, maana Kabare haikuwa na hata kibanda cha serikali. Mwalimu akatazama ghala lililokuwa nyuma ya duka.

Zaitun naye akalitazama. Lilikuwa ghala la maharage, na maharage ya msimu uliopita yalikuwa yamekwisha kwenda.

"Mpaka mwezi wa sita ni tupu," alisema. "Mwezi wa sita yakivunwa mapya nitalitaka, mwalimu, maana ndilo linalotulisha. Nipe kesho nilifagie."

Mwalimu mkuu, Mpawenimana, alikuwa mtu mwoga wa barua za wakubwa, lakini siku ile alikuwa amekiona kile kijito kwa macho yake. Alikubali watoto waandikwe kwenye daftari la shule mama na ghala lihesabiwe kuwa shule shikizi, tawi lake, naye mwenyewe akawachukua wanafunzi waliobaki. Jumatatu iliyofuata Claudine alianza na watoto mia na sitini wamekaa juu ya magunia matupu, ubao ukiwa mlango wa zamani uliopakwa unga mweusi wa betri kuukuu.

Wiki tatu baadaye ukaitishwa mkutano wa mtaa kutafuta uwanja wa kujenga. Kila mtu alijua uwanja uliofaa ni mmoja tu: tambarare ya Mzee Kipriani, penye mikaratusi, karibu na barabara. Claudine aliposimama kulieleza jambo hilo, Kipriani alimkatiza. Alisema anamheshimu mwalimu, ila mtu wa kuja hawezi kuwaonyesha wenyeji ardhi ya kugawa.

Hapakuwa na asiyejua kwamba baba yake Claudine alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na godoro moja kichwani, na kwamba uraia wao waliupata baada ya miaka mingi ya kungoja. Claudine angeweza kukaa chini. Hakukaa.

"Ni kweli, mzee, baba yangu alikuja," alisema. "Lakini hawa watoto hawakuja. Wamezaliwa hapa, na wa kwako wamo."

Kipriani aliokota fimbo yake akaondoka, na mkutano ukavunjika bila azimio.

Wengine walimshauri Claudine aachane naye, waende kwa mkuu wa wilaya. Yeye alikwenda kwa Kipriani. Siku ya kwanza mzee alijifanya hayupo. Siku ya pili alimsikiliza amesimama mlangoni, asimkaribishe. Siku ya tatu Claudine alimwamkia kwa Kiha, lugha ya wenyeji, "Mwakeye, mzee," akamwambia hakuja kuomba shamba, amekuja kuuliza tu kwa nini. Hapo Kipriani akasogeza kiti. Alimweleza kwamba wakati malori ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nduta yalipoanza kupita kwa wingi, watu walikuja kumuomba sehemu ya kuyaegesha. Ya muda, walisema. Hawakuandika kitu. Walipoondoka, eneo likaitwa la umma, na yeye akabaki akiambiwa athibitishe kuwa lilikuwa lake.

"Sikatai shule," alisema. "Nakataa kuibiwa mara ya pili."

Claudine akaelewa kwamba kazi iliyobaki ilikuwa kuandika. Alipima kwa hatua pamoja na mzee na wanawe, wakapanda miti ya mpaka pande zote nne, akaandika muhtasari: kiasi anachotoa, kiasi anachobaki nacho, na kwamba pakiacha kuwa shule, shamba linarudi kwa watoto wake. Aliusoma mbele ya kamati ya mtaa kwa Kiswahili, kisha akaurudia kwa Kiha, sentensi moja moja. Ukapigwa muhuri, nakala tatu. Kipriani aliikunja ya kwake akaitia mfukoni, na wiki hiyohiyo akaanza kukata mikaratusi yake mwenyewe kwa ajili ya kuchomea tofali.

Kazi ikaanza. Kila Jumamosi msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo: wanaume wakifyatua tofali, wanawake wakisomba maji. Mwezi wa sita maharage yakaingia. Zaitun alikuja kusema kwa aibu, na Claudine akamwondolea aibu kwa kuwahamisha watoto siku ileile, ndani ya kuta zisizo na paa.

Wiki hiyo barua ya uhamisho ikamkuta. Alikuwa ameiomba miaka minne. Mumewe Nestori, fundi seremala, aliishi Kasulu na binti yao Aline, aliyekuwa darasa la saba. Claudine aliisoma mara mbili. Akijua vizuri kwamba Kabare hakuna mwalimu mwingine aliyekubali kuja kufundishia ndani ya kuta zisizo na paa, alikwenda kwa afisa elimu kuomba iahirishwe hadi shule isajiliwe. Akajibiwa kwamba uhamisho hauahirishwi. Anakwenda au anaiacha nafasi. Akaiacha. Nafasi ya Kasulu akapewa mwingine.

Kumwambia mumewe kwa simu kulikuwa kugumu kuliko mkutano wote wa Kabare.

"Aline atamaliza la saba mama yake hayupo nyumbani," Nestori alisema.

"Najua, Baba Aline. Nimelipima hilo pia."

Simu ikakatika. Wiki tatu hakupiga. Claudine alifundisha, akasimamia tofali, na jioni alipokwenda kulala alilia, kisha asubuhi akanawa uso akaenda kazini.

Mwezi wa tisa Nestori alishuka kwenye basi bila taarifa. Alikuja kusema yaliyomjaa moyoni. Alimkuta mkewe chini ya ukuta, na juu yake mafundi wa kujitolea wakipandisha kenchi ya paa iliyopinda. Alisimama akatazama. Akaomba msumeno. Alikaa siku tano, akazishusha kenchi zote, akazipiga upya.

"Hasira bado ninayo," alimwambia siku ya kuondoka.

"Ninaiona."

"Aline atakuja akimaliza mtihani. Mtaongea wenyewe." Akaangalia paa. "Zile zingeanguka, mke wangu."

Mkaguzi alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alikataa kwa sababu ya matundu manne ya choo yaliyopungua. Kabare wakachimba. Usajili ulitoka Desemba, na barua iliyomtaja Claudine kuwa mwalimu mkuu ikafuata pamoja na walimu wawili wapya, vijana, wenye viatu visivyojua udongo mwekundu.

Asubuhi ya kwanza ya masomo, Januari, walifika watoto wa darasa la kwanza mia na tisini kwenye chumba cha watoto hamsini. Walimu wapya wakamtazama usoni. Claudine aliwagawa mafungu mawili, akamkabidhi kila mwalimu lake, kisha akatuma ujumbe kwa kamati ya mtaa: Jumamosi waje na majembe, kuna vyumba viwili vya kuanza kujenga.