Maziwa ya Maonyesho

Mgeni njoo, mwenyeji azidi kuumwa. Ndivyo ilivyokuwa Kariakoo mwaka ule uliofuata vita vya Uganda, mwaka wa uchaguzi.

Mgeni mwenyewe hata hakuwa mgeni. Ndugu Nassibu, mbunge aliyekuwa akimaliza muda wake, alizaliwa Mtaa wa Narung'ombe, akacheza mpira wa matambara kwenye vumbi lile lile. Ndiyo maana Sitara alimwamini. Binti huyu alikuwa muuzaji wa duka la ushirika la mtaa, na kura yake ya kwanza alikwishaipiga moyoni kabla ya siku yenyewe. Wagombea walikuwa wawili, wote wa Chama: mmoja kapewa alama ya jembe, mwenzake nyumba. Nassibu alikuwa jembe, na kila aliyekuja kuulizia sabuni isiyokuwepo aliondoka na mahubiri.

"Mpeni jembe, jamani. Huyu anatujua."

"Anatujua kama kupe anavyomjua ng'ombe," Candida alimjibu siku moja, na dirisha zima likacheka.

Candida alikuwa mwanamke wa Kichagga aliyepanga chumba nyuma ya duka. Baada ya kujifungua alishikwa na homa kali, maziwa yakamkauka, na mwanawe Polycarp akawa anaishi kwa uji mwepesi wa unga wa njano. Kila asubuhi alikuja na ombi lile lile.

"Shoga, kopo moja tu la maziwa."

"Likija la kwanza ni lako, Mama Polycarp."

Siku hizo foleni haikupangwa na watu, ilipangwa na mawe. Kila mama aliweka jiwe lake mbele ya duka limshikie nafasi, akarudi jikoni, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Kulikuwa na la chokaa, la kipande cha tofali, na moja limefungwa kitambaa chekundu kwa sababu mwenyewe hakuwaamini majirani.

Ijumaa lori likaja. Likashusha sukari, sabuni, khanga, na maziwa ya kopo, rafu zikajaa hadi mbao zikapinda. Nyuma ya lori akaja katibu wa tawi akipepea mikono.

"Hakiuzwi kitu mpaka Ndugu Mbunge akague. Na hayo mawe yaondoke. Foleni ni aibu."

Sitara aliyazoa kwa karai, yeye mwenyewe.

"We Sitara! Langu la pili hilo!" akina mama wakapiga kelele.

"Nawajua wote. Akishatoka nitawapanga kwa mkono wangu."

Candida akapita mlango wa nyuma, mtoto mgongoni. Mtoto hakuwa akilia tena, na hilo ndilo lililomtisha.

"Niuzie sasa hivi. Hela hii hapa."

Kopo lilikuwa karibu na kiwiko cha Sitara. Angenyoosha mkono tu. "Vumilia kidogo, Mama Polycarp. Akitoka tu. Mtu wa kwetu yule, hawezi kutuangusha."

Nassibu akafika, kaunda suti imenyooka, mpiga picha pembeni. Akachukua kopo la maziwa, akaliinua.

"Nani kasema watoto wa mji huu wananyonya upepo?"

Makofi. Sitara naye alipiga, kisha akajikaza. "Ndugu Mbunge, tuanze kuuza sasa?"

"Kesho, binti yangu. Kesho mtapata zaidi ya hivi."

Landrova yake haijapinda kona, lori likarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Alasiri Ndugu Mbunge angekagua duka jingine, Buguruni, na rafu za huko zilikuwa tupu.

"Pakieni," katibu akasema.

Sitara akapakia. Aliambiwa kesho, akaiamini kesho. Candida alisimama dirishani akimtazama anavyoyapanga makopo kwenye sanduku, moja moja, hadi la mwisho.

Kesho yake halikuja lori. Jumatatu wakamzika Polycarp. Msibani Sitara alikaa mkekani. Candida alimwangalia kwa macho makavu.

"Mtu wa kwenu," alisema.

Wiki hiyo Chama kiliwaleta wagombea wote wawili jukwaani, na kama ilivyokuwa desturi, wananchi wakaruhusiwa kuuliza. Sitara akasimama.

"Ndugu Nassibu, maziwa uliyoyainua dukani kwetu yamenywewa na nani? Maana mtoto aliyeyangoja tumemzika."

Akina mama wakapaza sauti: "Ajibu! Ajibu huyo!"

Nassibu akatabasamu. "Binti huyu ametumwa."

Sitara akamgeukia mgombea wa nyumba, Ndugu Leodegar. Huyu angalau atasema neno. Yeye ndiye anayeitaka nafasi ile. Leodegar alikuwa ameinama, anafuta vumbi viatuni kwa leso. Aliendelea kufuta hadi kelele zilipokwisha. Hapo kamba ya mwisho iliyokuwa imemfunga Sitara na Chama ikakatika, wala hakusikia maumivu. Alisikia baridi tu.

Asubuhi akaitwa tawini. Pembeni ya katibu aliketi Mzee Mbaruku, balozi wa nyumba kumi, aliyemtafutia kazi ile ya dukani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Katibu hakungoja akae. "Jumapili utasimama mbele ya wananchi, useme ulipotoshwa, umwombe radhi Ndugu Mbunge. Hutaki, acha funguo za duka."

"Mwanangu," Mbaruku akasema taratibu, "sema ulimi uliteleza. Neno halivunji mfupa. Mama yako yuko kitandani, anakula kwa kazi hiyo. Ukiiacha mtakula nini?"

"Sijui, baba."

"Basi sema uliteleza."

"Ulimi wangu haukuteleza. Ulichelewa. Ungesema Ijumaa, kungekuwa na mtoto."

"Huyu ana kiburi," katibu akafoka. "Jibu moja tu. Unaomba radhi, huombi?"

Sitara akazitoa funguo kwenye pindo la khanga, akaziweka mezani.

"Siombi radhi."