Ampea Thelathini za Uongo

"Mota nzima!" Nilipiga kelele karakanani mpaka dada yangu akadondosha kikombe huko jikoni. "Mota nzima, betri nzima, na wewe huna uzito wowote wa ajabu!"

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa mbili kamili dada alitakiwa awe maabara, ghorofa ya kwanza, na kule kiti chake cha magurudumu hufika kwa ile njia ya zege inayopanda ubavuni mwa jengo la shule. Kwa wiki tatu kiti kilikuwa kinapanda nusu, kinazima, na wanafunzi wake wa kemia wanakaa bila mwalimu. Mwalimu mkuu alikuwa amesema bila kumung'unya maneno: Jumatatu akishindwa kupanda mwenyewe, kemia anapewa mtu mwingine, yeye anahamia stoo ya vitabu. Mtu amefundisha kemia miaka kumi na mmoja. Stoo!

Na mimi fundi wake, mwenye mdomo mpana kuliko karakana, nilikuwa nimelaumu kila kitu. Nililaumu betri. Nikalaumu zege. Mwishowe nikamwambia, "Dada, punguza kula," naye, Mungu anisamehe, akaanza kula nusu sahani.

Asubuhi ile nilikibana kiti ukutani ili mota ikazane kama inapanda, nikaweka mita kwenye waya wa betri, nikasukuma kijiti cha kuongozea. Kile kisanduku kinachoendesha mota hujipimia chenyewe umeme unaopita, ukizidi kinaukata ili mota isiungue. Kioo chake kikaandika ampea thelathini, kikakata. Mita yangu ilikuwa inasoma kumi na tano.

Weee! Nikarudia mara tatu. Thelathini, kumi na tano. Kisanduku kinadanganywa!

Nikakifungua. Mle ndani kuna rezista moja bapa, ndogo kama ukucha, na umeme wote wa mota hupitia hapo ili upimwe. Ya zamani iliungua mwezi uliopita, nikaweka nyingine niliyoichomoa kwenye kisanduku kibovu. Ukubwa uleule, weusi uleule. Namba sikuisoma. Ukinzani wake ulikuwa mara mbili ya ile ya zamani, volti zinazosomwa hapo zikawa mara mbili, ndiyo maana kisanduku kiliona umeme mara mbili. Kazi ya mikono yangu mwenyewe!

"Kwa hiyo si mimi," dada akasema. Alikuwa ameshafika mlangoni kwa kile kiti chake cha zamani cha kusukuma kwa mikono.

"Si wewe. Ni mimi. Nipige."

"Nitakupiga saa nane nikitoka kazini. Sasa hivi tengeneza."

Nikapata pacha wa ile rezista kwenye kisanduku kibovu kilekile, nikamlaza juu yake, nikalehemu pande zote mbili ili umeme ugawane njia. Ukinzani ukashuka nusu. Kiti ukutani tena: mita ishirini na tisa, kioo ishirini na tisa! Nilicheza peke yangu kama kichaa, dada ameshahamia kwenye kiti, anapiga honi niache upuuzi tuondoke.

Saa mbili kasoro dakika nane tulikuwa chini ya ile njia. Mwalimu mkuu alisimama juu, mikono nyuma, na wanafunzi wamejaa madirishani. Nikashika mgongo wa kiti.

"Toa mikono," dada akasema.

Akapanda. Robo. Nusu. Palepale kilipozoea kuzima, mota ikanguruma, kisha magurudumu yakauma zege na kiti kikaendelea, kikaendelea, mpaka juu! Madirisha yalilipuka kwa vifijo. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa mpigo.

Mwalimu mkuu akamfungulia mlango wa maabara. Dada hakuingia. Akageuza kiti, akashuka mpaka chini, akanipita bila hata kuniangalia, akageuka, akaanza kupanda upya.

"Mwalimu, kengele imelia!" mwalimu mkuu akaita. "Wanafunzi wanakusubiri!"

"Wamenisubiri wiki tatu," dada akajibu, kijiti amekisukuma mpaka mwisho. "Wavumilie dakika mbili."