Chembe cha Moyo

Wauguzi walimbandika jina la Mama Geuka, maana kutwa nzima wimbo wake ni mmoja: geuka ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, toa pumzi, usivute nyingine. Alikuwa mpimaji wa ultrasound, miaka kumi na minne kwenye chumba kile kile chenye pazia zito na feni mbovu. Asubuhi hiyo alipoisoma fomu ya mgonjwa wa sita, damu ikamchemka.

Maumivu ya chembe, wiki tatu. Vidonda vya tumbo? Pima tumbo.

"Tumbo hili si nililipima juzi?"

"Na wiki iliyopita pia," alijibu mke wa mgonjwa, mwanamke mfupi aliyeukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. "Mimi namwambia daktari chembe cha moyo, dada yangu, chembe cha moyo. Yeye anaandika chembe tu, moyo ananiachia mwenyewe."

Chembe cha moyo ni pale chini ya kidari, mbavu zinapoachana. Ukilalamika kinauma, kila mtu, kuanzia jirani hadi daktari, anakuletea dawa ya vidonda vya tumbo, na mara nyingi wala hakosei. Mume huyu, fundi rangi wa majumba, alikuwa amebugia dawa hizo hadi ladha yake ikamkaa ulimini.

"Kinakuuma ukila?" Mama Geuka alimuuliza.

"Nikipanda ngazi ya kazini. Kuna alasiri moja, wiki tatu zilizopita, kilinibana mpaka taya, jasho likanitoka chepechepe. Nikashuka, nikakaa, kikaachia."

"Daktari ulimwambia hayo?"

"Hakuuliza. Aliniuliza kama napenda pilipili."

Mama Geuka alitamani kupiga meza. Alimkasirikia daktari, kisha akajikasirikia mwenyewe zaidi. Mara mbili alikuwa amekipitisha kifaa chake juu ya tumbo la mtu huyu, vidole vinne chini ya moyo, na hakukisogeza juu kwa sababu fomu ilisema tumbo.

"Geuka ubavu wa kushoto."

"Huo silali. Unaubana moyo."

"Nani kakwambia?"

"Mama mkwe."

"Baba watoto, geuka!" mkewe alifoka. "Mama yangu kasomea moyo wapi?"

Akageuka akinung'unika. Mama Geuka alimpaka jeli, akakitelezesha kifaa kati ya mbavu hadi ncha ya moyo ikatokea kwenye skrini. Kuta za juu zilikuwa zikijikunja na kukunjuka vizuri. Ncha haikusogea. Ilikuwa imekufa alasiri ile ile ya ngazi, ikawa nyembamba, ikatuna kwa nje. Ndani ya uvimbe huo bonge la damu iliyoganda lilining'inia, likitikisika kila moyo ulipopiga. Likichomoka, njia yake ni moja kwa moja kwenye mishipa mikubwa, na ubongo hauko mbali.

Alimwambia mgonjwa asijitikise, akampigia daktari simu.

"Yule wako wa chembe alipata shambulio la moyo. Kuna bonge la damu kwenye ncha, linachezacheza. Aanze dawa ya kuzuia damu kuganda sasa hivi."

"Moyo? Mimi niliomba tumbo."

"Na mimi nakwambia moyo!"

"Sasa bila ombi la moyo majibu utayaingiza wapi? Mfumo utayakataa, na famasi hawatoi dawa ile bila majibu. Mkewe arudi dirishani wambadilishie fomu, nitasaini."

"Njoo uone kwa macho yako."

"Nina watu arobaini hapa nje, dada. Nikipata upenyo nitakuja." Simu ikakatwa.

Mke alitoka mbio. Dirishani walimwambia fomu haibadilishwi bila muhuri, wa muhuri akamwambia aanze kwa daktari, kwa daktari akakuta foleni. Walimpiga danadana karibu saa nzima. Huku nyuma mgonjwa alikuwa anasimulia ukuta aliouacha nusu kijani nusu mweupe, na Mama Geuka akiitikia bila kusikia. Alijua alichotakiwa kufanya: amweke kwenye kiti cha magurudumu amsukume mwenyewe hadi wodini, waje wamfokee baadaye. Akajiambia fomu inakuja. Aliogopa kufokewa, basi, hakuna zaidi.

"Wameandika moyo!" Mke aliingia akihema, fomu imelowa jasho.

"Haya kaka, geuka tena tuchukue picha za majibu."

Hakugeuka. Mama Geuka alidhani ni ubishi wa mama mkwe, akamgeuza mwenyewe, naye alikuwa mzito ajabu. Ncha ya moyo ikatokea kwenye skrini, imetuna vile vile. Lile bonge hakuliona. Alikisogeza kifaa juu, chini, akakiinamisha, akafuta jeli akapaka nyingine. Hakuona kitu.

"Baba watoto," mke aliita, "mbona mdomo umeenda upande?"

Daktari akasukuma mlango, kalamu mkononi. "Haya, nimekuja. Nionyeshe hilo bonge."

Mama Geuka alikuwa ameuinua mkono wa kulia wa mgonjwa. Akauachia, ukaanguka kitandani.

"Umechelewa, na mimi pia," alisema. "Halipo moyoni tena. Mtazame usoni."