Dola za Kibanja cha Kamachumu

Alistidia alifika Kamachumu mapema, amevaa kitenge cha sikukuu, kwa sababu kukomboa kibanja cha baba si jambo la kuendea na nguo za shambani. Marehemu kaka yake Kamala alikuwa amekiuza wakati wa ugonjwa bila kumuuliza mtu, na makaburi ya wazazi yamo humo humo, katikati ya migomba. Mila iliupa ukoo nafasi: rudisheni bei ya mnunuzi mbele ya wazee, siku mliyokubaliana, mchukue ardhi yenu. Siku ikipita, mnunuzi ndiye mwenye mali.

Siku yenyewe ndiyo hiyo, Ijumaa ya kuelekea Krismasi ya mwaka 2024. Kwa misimu miwili ya kahawa Alistidia hakununua hata sufuria. Kila alichopata kule Kanazi alimpelekea mdogo wake Audax, mhasibu mstaafu wa Bukoba mjini. Audax aliongeza cha kwake, akanunua dola. "Shilingi inayeyuka, dada. Dola inakaa," alimwambia. Alistidia hakuelewa vizuri, lakini Audax alisomeshwa kwa kahawa ya kibanja kile kile, na dada yake hakuwahi kufikiria kwamba angeweza kukichezea.

Mwesiga, mnunuzi, aliwapitishia wazee na ndugu waliokusanyika kikapu cha kahawa za kutafuna. Hakuwa mtu mbaya.

"Ma Alistidia, karibu kwako," alisema. "Ila ni kwako mpaka jioni. Kesho utabisha hodi."

"Nibishe hodi kwa baba yangu? Utangoja sana!"

Watu wakacheka. Mzee Kahigi, mkuu wa ukoo, akamgeukia Audax. "Haya, mwanangu. Weka fedha mezani."

Audax akakohoa. "Fedha ipo, Ta Kahigi. Ipo benki, kwa jina langu. Lakini leo haiguswi."

"Haiguswi kwa nini?"

"Dola imeshuka. Nikiuza leo, haifiki bei ya Ta Mwesiga. Nikiishikilia, sijapoteza kitu. Tumwombe angoje ipande."

"Mimi ningoje dola?" Mwesiga akauliza. "Miche yangu ya parachichi itangoja na nani?"

"Huu ni uwekezaji," Audax akasema.

"Uwekezaji unazaa," Kahigi akajibu. "Mbuni unazaa. Hiyo dola ikilala benki inazaa nini?"

"Inangoja bei."

"Basi umebahatisha."

"Hapana, mzee! Wataalamu wanaita ukwasi. Fedha iliyo tayari kutumika wakati wowote."

"Basi itumie," Alistidia akasema. "Huo wakati wowote ndio leo."

Alistidia akamwinamia Mwesiga. Maisha yake yote aliwacheka wanaouza kahawa kwa butura, ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Sasa alisema: "Waitu, nakuomba, pengo litakalobaki nalifidia kwa butura. Kahawa yangu yote ya Kanazi imetoa maua. Ichukue."

Mwesiga akaweka kikapu chini. "Dola zikiuzwa leo, na hayo maua, tumemaliza. Nakubali."

Alistidia akapumua. "Audax, benki hawajafunga. Piga simu."

"Siuzi kwa hasara."

"Nimesema hasara naibeba mimi."

"Dada, hujui mambo haya. Msinione mjinga! Mwaka huu katikati dola ilipopanda, si niliziuza nikapata faida, kisha nikanunua tena? Mnadhani bati jipya pale kwangu Kashai limetoka wapi?"

Neno lilishatoka. Audax mwenyewe alilisikia, akashika kikapu cha kahawa kana kwamba anatafuta kitu ndani yake.

"Faida ikawa bati lako," Alistidia akasema polepole. "Na hasara ikawa ya ukoo."

"Na kazi yangu je? Nani alikuwa anaangalia bei asubuhi na jioni?"

"Mimi nilikupa utunze. Hata siku moja sikukutuma kuangalia bei."

Walimsihi mpaka jua lilipozama. Hakupiga simu. Kahigi alisimama, akampa Mwesiga mkono mbele ya wote, na kibanja kikawa kimekwenda. Alistidia alienda makaburini, akang'oa magugu kwa mikono, kitenge kikaingia tope. Mwesiga alimfuata akasimama mbali kidogo.

"Makaburi sitayagusa, Ma. Njoo ukitaka. Ila unipigie simu kwanza."

Baada ya Pasaka, migomba ya baba ikiwa imeshakatwa yote, simu ililia Alistidia akiwa anapalilia kahawa yake Kanazi.

"Dada! Imepanda!" Audax alikuwa anapiga kelele. "Nilikwambia! Imerudi pale pale! Sasa tununue kibanja kingine, kikubwa zaidi. Kule Ngenge ardhi ni rahisi."

"Ngenge kazikwa nani wetu?"

"Dada, tunaongea biashara..."

"Niletee fedha zangu kwa shilingi."

"Sasa hivi? Ngoja kidogo tu, inaendelea kupanda, mwezi ujao..."

Alistidia aliiweka simu juu ya kisiki, ikiwa bado inaongea, akachukua jembe akaendelea na mstari wake.