Nani Atavaa Gunia?

Ukumbi wa mjini Nyeri tulinyimwa, tukaishia kwenye ghala la viazi huku Mweiga, watazamaji wakikalia magunia. Tamthilia yenyewe ni ya zamani, ya enzi ya Hali ya Hatari, Waingereza walipowasaka Mau Mau. Niliing'ang'ania kwa sababu moja tu: cucu wangu, nyanya aliyenilea, hajawahi kunisimulia lolote la miaka ile. Nilitaka aione, pengine mdomo wake ungefunguka.

Badala ya waigizaji nikapata vichwa vigumu. Kila mmoja aligombea kuwa mpiganaji wa msituni. Lakini kuna yule msaliti anayevalishwa gunia lenye matundu mawili ya macho, wanakijiji wanapitishwa mbele yake, na akimwinamishia mtu kichwa, askari wanamchukua harudi tena. Hana hata neno moja la kukariri! Na hakuna aliyemtaka.

"Madam, nipee part ingine yoyote," Wambugu aliniambia. "Huku watu wanajua nani alikuwa nani. Nikivaa hiyo kitu, kesho wataanza kuuliza guka, babu yangu, alikuwa upande gani."

"Ni gunia tu, Wambugu!"

"Basi vaa wewe."

Kabura naye alikataa. Wengine wakajifanya hawanisikii. Watazamaji walishajaa, pasta alishaomba, na mimi damu ilikuwa inanichemka. Nililichukua gunia nikalivaa mwenyewe. Upuuzi mtupu, watu wazima kuogopa kitambaa cha viazi!

Nilipotokea, vijana waliinua simu wanirekodi. Wazee nao wakainamisha nyuso, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba macho yangu yangewachoma. Cucu, pale mbele kabisa, alijifunika uso wote kwa leso.

Kahiga, aliyeigiza mwanakijiji wa kwanza, alisimama mbele yangu akingoja.

"Inamisha kichwa, madam," alininong'oneza.

Shingo ilikataa. Hasira yote iliniishia, nikabaki na aibu. Nikalivua gunia mbele ya watu wote, nikamwendea cucu, nikapiga magoti.

"Cucu, ni mimi. Ni Wachuka."

Hakuinua uso.

"Bwana askari," alisema ndani ya leso, kwa sauti ndogo ya msichana, "mimi sijui mtu."