Kunguni Waliponiaga

Ndoto ya usiku wa jana ilinianzia kwa hodi, na aliyebisha alikuwa kunguni.

Alivaa koti, kashika sanduku la bati. Nyuma yake wamejipanga wanawe na wajukuu, kila mmoja na kifurushi chake. Nikamkaribisha. Nyumba iliyokosa wageni haichagui.

"Bi Mwajabu, tumekuja kuaga," akasema.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa jirani. Wewe umepuliza dawa."

Hakusema uongo, na hapa sina budi kueleza kidogo. Nyumba yangu hapa Ng'ambo, Tabora, zamani ilikuwa haikauki watu. Ukitaka kujua nani kaposwa, nani kaachika, na nani kaonekana stesheni na mume wa nani, unakuja kwangu, unakaa mkekani, unamiminiwa kahawa. Halafu siku moja mgeni akaondoka na kunguni kwenye pindo la gauni. Habari ikatembea mtaani kumshinda kunguni mwenyewe. Mkeka ukabaki wangu peke yangu. Wanangu wote wako mbali. Wanapiga simu, wanauliza kama nimekula, wanakata.

Basi binti wa shoga yangu Mwantumu alipoposwa, na Mwantumu akatangaza mbele za watu kwamba mchele wa harusi utachaguliwa kwa Mwajabu kama zamani, nililia jikoni. Magunia yakaletwa, yakawekwa chumbani kwangu. Asubuhi yake wanawake wangekuja na nyungo zao, watoe chuya na vijiwe, waimbe, wamsengenye kila asiyekuwepo.

Ningewakalisha vipi na kunguni? Nikaenda mnadani, nikanunua dawa iliyotiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Muuzaji akaniambia ni dawa ya pamba, kali, haina mchezo. Nikaona imenifaa kabisa, maana godoro langu ni la pamba. Nikapuliza godoro, nikapuliza kuta na mkeka, nikafunga madirisha ili isipotee bure, nikajitupa kitandani. Magunia yalikuwa wazi midomo. Wala sikuyatazama.

Ndipo hodi ikabishwa.

"Kabla hatujaondoka," kunguni akasema, "uliza lolote. Sisi tunalala nyumba zote."

Nani angeiacha nafasi hiyo? Nikasogea. "Eti mume wa Mama Havijawa hulala kwake kweli?"

"Damu yake tunaionja nyumba mbili."

"Nilijua! Kaeni kidogo basi, nitawatengea hata mguu mmoja."

"Ahsante, mama. Lakini hapa pamekuwa hatari kwa kila mwenye pumzi."

"Hata nyie mnaniacha?"

Akatazama viatu vyake. "Tuna watoto," akasema.

Wakatoka kwa adabu, mmoja mmoja, na wa mwisho akanivutia mlango.

Chumba kimya. Juu ya kigoda, chupa inakohoa.

"Usinitazame hivyo," inasema. "Mimi ni maji."

"Wewe ni dawa."

"Nisome basi. Nimeandikwa maji safi ya kunywa. Utabishana na maandishi, wewe uliyeishia darasa la nne? Una kiu?"

Nina kiu, kiu ya kukausha ulimi. Mkono wangu unanyanyuka wenyewe kuifuata chupa.

Anaingia mzee mwembamba kama karatasi. Alikuwa karatasi kweli, mgongoni ana gundi iliyokauka.

"Samahani, bibi. Mimi natoka kwenye kopo la hiyo dawa. Walinibandua, wakaimimina kwenye chupa, wakanitupa. Nazunguka minada yote naitafuta."

"Umechelewa, mzee wangu. Nimeshapuliza."

"Nachelewa siku zote. Ruhusa nisome?"

Nikampa ruhusa. Nani mwingine alikuwa wa kuzungumza naye?

Akajinyoosha, akasoma: "Weka mbali na watoto."

Kuta zikawa mabehewa. Tuko stesheni. Wanangu wamejaa madirishani, wadogo kama walivyokuwa wakiogeshwa kwenye beseni, na treni inang'oa nanga.

"Mbali kiasi gani?" nikamuuliza.

"Haikuandikwa. Mbali tu."

Treni ikaenda Kigoma, ikapita Kigoma, ikaingia ziwani bila kupunguza mwendo. Wanangu wakapunga mikono. Nami nikapunga.

"Usitumie palipo na watu."

Muuza mayai akatoweka, na ndoo yake. Mpeperusha bendera akatoweka, bendera ikaanguka. Stesheni nzima nimebaki mimi na mzee.

"Usivute hewa yake."

Pumzi yangu ikafika kooni, ikasimama kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Naisikia huko ndani inabisha. Siwezi kuifungulia.

"Ondoa vyakula vyote." Hapo akageuka. Magunia ya mchele yalikuwa pembeni ya reli. "Haya je?"

"Ya harusi."

"Yalikuwa wazi?"

"Wazi."

Mzee akajikunja katikati, akajikunja tena, akajitia kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe kwa aibu.

Magunia yakaanza kunong'ona. Mchele ukisema, husema kwa sauti nyingi ndogo. "Mwajabu, tunanuka."

"Mtaoshwa."

"Nani kakwambia hii hutoka kwa kuoshwa?"

"Mtapikwa na iliki, mdalasini. Hakuna atakayejua."

"Sisi tunajua," mchele ukasema.

Mate yakaanza kunitoka. Si ya kufuta kwa kiganja. Yalimwagika yakajaza reli. Nyama za mapaja zinachezacheza, kope zinacheza, kila kiungo na ngoma yake, hakuna kilichoniomba ruhusa. Macho yakajikaza mpaka dunia ikawa ndogo kama tundu la sindano, na kupitia tundu hilo nikaona chumba changu.

Kimejaa! Wanawake wa mtaa mzima wameketi mkekani wamezunguka masinia ya pilau, mabega kwa mabega, hata pa kupitisha mguu hamna. Mwantumu ananitazama, anafuta midomo.

"Mwajabu, leo nyumba yako imejaa," anasema, kisha anaegemeza kichwa kwenye sinia. Aliye karibu naye anaegemeza. Na wa pembeni yake. Polepole, bila fujo, kama watu walioshiba.

Hakuna anayenyanyuka.

Niseme kweli. Kabla sijaogopa, nilifurahi. Niliketi katikati yao, nikaona angalau leo hawataondoka.

Halafu nikamgusa Mwantumu shavu. Baridi. Nikapiga yowe: "Maziwa! Leteni maziwa!"

Akaingia ng'ombe. Mwekundu, pembe moja imepinda.

"Nani kaita?"

"Mimi. Maziwa yanaua sumu, kila mtu anajua."

"Mimi ni ng'ombe," akasema. "Si daktari. Mtu akipata sumu mnanikimbilia mimi, mnamkalisha mnamnywesha vikombe, na hospitali ipo palepale."

"Basi nijitapishe?"

"Usijitapishe. Toka nje kwenye hewa. Vua nguo zenye dawa, oga kwa maji mengi na sabuni. Kisha hospitali, na chupa iende ili waijue."

"Na hawa?"

"Hawa bado hawajala. Hii unayoiona ni kesho."

Nikafikiri. Ng'ombe akacheua, akanisubiri.

"Nikiwaambia ukweli, hawatakuja tena kwangu."

"Ndiyo," akasema.

Sijakutana na mnyama asiyejua kufariji kama yule. Akainamisha kichwa, akauma pindo la kanga yangu, akavuta.

Nilizinduka nje, kwenye kizingiti, mlango wazi nyuma yangu. Jua linachomoza. Kichwa kinagonga, kifua kimebana, kidevu kimelowa mate, na miguu inarukaruka yenyewe. Nikatapika pale pale bila kutaka.

Huko njiani wanakuja! Nyungo vichwani, wanaimba, Mwantumu mbele. Miezi mingapi sijausikia wimbo huo ukija upande wangu.

"Jamani mtazameni mwenye nyumba, kalala nje kama paka!"

"Mwajabu, kahawa iko wapi, shoga? Tuna maneno leo, we!"

Walikuwa wameshavua ndala. Ningeliweza kunyamaza. Ningesema ni malaria, wakapita ndani, wakaketi.

"Msiingie," nikasema. "Mchele umepata dawa."

Wimbo ukakatika. "Dawa gani?" akauliza Mwantumu.

"Ya kuulia wadudu wa pamba. Nimepuliza chumba, magunia wazi. Usiliwe. Hata kuku wasipewe."

"Juzi kunguni, leo sumu," mmoja akasema nyuma. Wakavaa ndala. Nyungo zikageuka, zikaondoka bila wimbo, na ile ya mwisho sikuweza hata kuona ni ya nani, macho yalikuwa yameshaingia giza.

Mwantumu alibaki kasimama. Alitazama mlango, akanitazama mimi. Akafungua kanga yake ya juu, akanitupia.

"Vua hiyo. Binti yangu ataolewa kwa ugali, potelea mbali. Chupa iko wapi?"

Akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akaifuata mwenyewe huku kaziba pua. Alinimwagia maji uani na sabuni nzima ikaisha, akaita bajaji. Njiani hakunisemesha hata neno. Akanifikisha, akaikabidhi chupa kwa daktari pamoja na mfuko wa nguo nilizovua, akaondoka kutafuta mchele mwingine.

Nimechomwa sindano, nimewekewa dripu, pumzi imefunguliwa mlango. Saa ya kuona wagonjwa imefika, imepita. Vitanda vya wenzangu vilijaa ndugu na mabakuli. Kwangu palikaa mkoba wa mgonjwa wa jirani, ndugu zake waliniomba nafasi ya kuuweka.

Jioni muuguzi mmoja, binti wa Kisukuma anayeitwa Ngollo, alikuja na mfuko wa plastiki wenye nguo zangu, kavaa glovu.

"Mama, nyumbani mnafuga?"

"Hatufugi. Mtaa mzima haufugi hata mbuzi."

"Mbona kanga yako imetafunwa na ng'ombe?"

Akaunyanyua mfuko kwenye taa. Pindo lilikuwa limesagika, na rangi ya kijani ya majani mabichi.

"Labda panya," nikasema.

"Kwetu kuna zizi, mama. Panya ana meno juu na chini." Akaligeuza pindo polepole. "Huyu aliyekuvuta, mbele hana meno ya juu."